Mlango Nisiouosha

Kabla hujacheka, njoo kwanza uangalie mlango huu. Huu wa nyuma, upande wa kulia. Usiguse, angalia tu. Unaona motokari nzima inavyong'aa, unaweza kujipaka rangi ya mdomo ukijitazama kwenye boneti, halafu hapa mlangoni kuna mkono. Mkono wa mtu, vidole vitano, udongo mwekundu wenye weusi ndani yake. Ulitaka kuniuliza kama sabuni imeniishia, si ndiyo? Wengi wananiuliza hivyo. Basi nitakueleza, na ukishasikia, uamini usiamini, shauri yako. Mi nilikuwapo. Mi ndiye niliyeshika usukani.

Na usinitafutie mambo ya giza na bundi. Haya yalinipata saa nane ya mchana, mvua inanyesha, sijalewa, sina homa, akili zangu zote ziko mahali pake.

Hapa Kolwezi mi najulikana. Wanawake mashofere hawapo wengi, na mwanamke shofere mwenye motokari nyeupe isiyojua doa ni mimi peke yangu. Baba yangu aliwaendesha wakubwa wa machimbo mpaka akazeeka, na ndiye aliyenifundisha. Alikuwa ananiambia: "Mutoto wangu, motokari chafu inakutangulia ku mulango ya bantu, inakusema mubaya kabla hauyasalimia."

Kuosha motokari iliyosimama, hata mlevi anaweza. Kazi ni kuiweka safi ikiwa inatembea, mwezi wa kwanza, mvua ya kila siku, potopoto mpaka kwenye vifundo vya miguu. Hiyo ina ufundi wake. Asubuhi kabla ya kutoka napitisha kipande cha sabuni kavu kwenye mbavu zote za motokari, tope likija linateleza, halipati pa kushika. Nyuma ya magurudumu nimening'iniza mipira minene iliyokatwa kwenye mkanda mkuukuu wa machimbo, ule unaobebea mawe. Inakaribia kugusa chini, na tope linarudi lilikotoka. Kamyo, lori la mizigo, siifuati karibu, hata ikienda pole namna gani. Ikinijia mbele, natafuta upande wa barabara ulioinuka na kuisubiri ipite. Dimbwi naliingia taratibu, kama mtu aliyechelewa misa. Na mtu wa miguu simrushii maji, hata awe adui yangu.

Halafu kulikuwa na sheria moja kubwa kuliko zote: hakuna anayeingia mwangu na potopoto. Awe tata, bwana mkubwa mwenye tai, awe mama mjamzito, awe padri, sikuangalia uso. Unakaa ukingoni mwa kiti, miguu nje, nakumwagia maji ya bidoni, dumu langu la plastiki, unapangusa, ndipo unaingiza miguu. Watu walinung'unika, lakini harusi zote nzuri za mji zilinitafuta. Hakuna bibi arusi aliyeshuka kwangu na doa kwenye gauni. Hivyo ndivyo nilivyolisha watoto wangu tangu baba yao atutoke.

Sasa sikiliza.

Adhuhuri moja ya mvua alikuja mama mmoja pale tunaposimama kungoja abiria. Mama Mujinga, ni jina la Kilunda, si tusi, ametoka Sandoa. Mwembamba, mrefu, kitenge chake kimefuliwa mpaka maua yamepotea. Alizipita taksi zote akaja kusimama mbele yangu, labda kwa kuwa mi ni mwanamke.

"Mama," akasema, "niko naomba unifikishe kule mutoto wangu alibakia."

Mtoto wake aliitwa Kapend. Mtu mzima, mwenye mke, alikuwa mchimbaji wa mkono, wale wanaoshuka shimoni na kamba kiunoni na taa kichwani. Shimo lao lilikuwa upande wa Mutoshi. Lilibomoka mvua za mwanzo, maji yakaingia, na Kapend hakutolewa. Baadaye kampuni moja, ambayo sitaitaja, ikazungushia mahali pale uzio, na njiani ikaweka bariyeri, kizuizi chenye walinzi.

Kwao Sandoa, na kwetu pia, mtu akifia mahali na mwili wake usipatikane, haachwi hivyo. Unachota udongo wa pale alipoangukia, unaufunga kwenye kitambaa cheupe, unaupeleka nyumbani, unauzika kwa jina lake. Usipofanya hivyo kilio hakiishi. Mama anaendelea kulala chini kwenye mkeka, wageni hawaagi, na marehemu naye hana pa kwenda. Mama Mujinga alikuwa amelala chini miezi miwili.

"Ya kujaa mu mukono tu," aliniambia. "Sitaki mingi."

Wewe ukiwa mgeni utasema, udongo, kuna shida gani? Ekiye! Huku kwetu udongo ndio unaoleta ndege na mabwana wenye mikoba. Una shaba, una kobalti. Ukitoka pale na udongo wewe ni mwizi, hata uwe umeubeba kwenye kijiko. Bariyerini wanapekua mifuko, vikapu, mpaka soksi. Na kwa kuwa kuna wajanja waliwahi kupaka tope la madini kwenye magari yao, wakaenda kulikwangua nyumbani, kila gari linalotoka linapigwa maji kwa bomba mpaka libaki bati tupu.

Nitakuambia jambo linaloniaibisha. Bariyeri ile niliipenda. Ni mahali pekee ambapo wanaume walinioshea motokari huku mi nimekaa.

Mlinzi wake alikuwa Tata Kalenga, mtu wa umri wangu, tunataniana. Siku hiyo alitufungulia akicheka. "Mama shofere! Unaingia safi, tutakuosha tena, ngozi itabanduka!" Kisha akamgeukia Mama Mujinga, na uso wake ukabadilika kwa heshima. "Pole, mama. Ingia ulilie mutoto. Lakini budongo haitoke hapa. Hata ya mu makucha."

"Nimesikia, tata," akajibu Mama Mujinga, macho chini.

Tulienda ndani kama kilomita sita. Pale shimoni hapakuwa na kitu cha kuona. Maji ya rangi ya majani mabichi, kingo zilizoliwa na mvua, kiatu kimoja cha plastiki. Mi nilibaki ndani ya motokari, madirisha yamefungwa. Nilimwona akipiga magoti kwenye tope. Alimwita mwanawe kwa Kilunda, mara tatu, kama unavyomwita mtu aliye nyuma ya nyumba. Halafu akachota kwa mikono miwili, akafunga kitambaa, akakisukuma ndani ya blauzi.

Akarudi. Mikono myekundu mpaka viwiko, miguu tope mpaka chini ya magoti. Na mi, Mungu anisamehe, nilifanya nini? Nilishuka na bidoni yangu.

"Mama, kaa hapa. Miguu inje."

Aliniangalia kidogo. Akakaa ukingoni mwa kiti, nami nikammwagia maji. Nilimsugua miguu hata katikati ya vidole, maana mi nikifanya kazi naifanya. "Leta na mikono," nikasema, akaleta na mikono. Aliyafuata yale maji mekundu kwa macho mpaka yakapotea kwenye majani. Mi nilifikiri ni uchovu tu. Nikampangusa kwa kitambaa safi, nikafunga mlango, nikawasha.

Mvua ikazidi. Niliendesha kwa ufundi wangu wote, nikipanda kingo, nikikwepa madimbwi, na motokari ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka nyumbani. Mama Mujinga alikaa nyuma upande wa kulia, macho amefumba, midomo inacheza kwa sala. Tulipofika kwenye kona moja yenye rundo la mawe, nikamwona mtu.

Alisimama kando ya barabara, peke yake. Kifua wazi, suruali imekunjwa, kamba kiunoni, ncha ya kamba inaburuta chini. Amejaa udongo kuanzia nywele mpaka nyayo. Nilipunguza mwendo nisimrushie maji, kama kawaida yangu, na hapo ndipo nikaona kitu kilichonifanya niikaze mikono kwenye usukani. Mvua ilikuwa inampiga, mvua ile ya kutoboa paa, na udongo wake haukutoka. Hata tone jekundu halikushuka mwilini mwake. Mi nimeosha vitu maisha yangu yote. Najua mvua ya namna ile inaufanya nini udongo.

Akasogea. Akanyoosha mkono wa kushoto, akauweka wazi kwenye mlango wa nyuma. Paa! Nikausikia mpaka kwenye kiti changu.

Unadhani nilipiga kelele za woga? Nilishusha dirisha la mbele la upande wake na kumtukana. "We! Toa mukono yako! Unajua niliamuka saa ngapi kuosha ii motokari?" Hakunitazama. Alikuwa anatazama ndani, kupitia kioo, uso wa yule mama aliyefumba macho.

Nikakanyaga mafuta. Gia ya pili, gia ya tatu. Nikaangalia kwenye kioo cha pembeni, na yule mtu alikuwa pale pale, mkono mlangoni. Hakuwa anakimbia. Niamini, alikuwa anatembea. Mshale wa mwendo umepita arobaini, na yeye anatembea kando yetu kama mtu anayesindikiza mgeni, na udongo unatoka kwenye mkono wake na kuenea mlangoni, unapanda, unashuka, unafurika kama uji uliosahauliwa jikoni.

Woga ulinishika, kwa nini nikufiche? Lakini mi nikiogopa nakasirika, ndivyo Mungu alivyoniumba. Mbele kulikuwa na dimbwi kubwa, lile ambalo siku zote nalizunguka. Nikaliingia kwa kasi, kwa makusudi, mara ya kwanza tangu nizaliwe. Maji yalipanda juu ya paa. Nilipotoka upande wa pili, kioo cha pembeni kilikuwa kitupu.

"Ni nini, mama?" akauliza Mama Mujinga, macho yamefunguka.

"Ni shimo tu," nikamdanganya.

Mvua ikaanza kuiosha motokari. Boneti ikatakata, milango ya mbele ikatakata. Mlango ule wa nyuma, hapana. Ulibaki na udongo mnene kama ukucha wangu, umeshika kwenye bati nililolipaka sabuni asubuhi. Nikajiambia tutaoshwa bariyerini. Ndiyo, nilikuwa nalisubiri lile bomba kwa hamu.

Tukafika. Tata Kalenga alianza na abiria. Mama mlinzi mmoja alimpapasa Mama Mujinga na kitambaa kikaonekana. Kalenga hakufurahi, nasema ukweli wake. Nyuma yake, kwenye dirisha la ofisi ya bati, mkubwa wake alikuwa anatazama.

"Mama, nilikuambia," akasema.

"Ni mutoto wangu, tata."

"Najua, mama. Mi pia niko na batoto." Akakifungua kile kitambaa, akamwaga udongo chini, kwenye lile tope la kila mtu, akakikung'uta mara mbili na kumrudishia kikiwa kitupu.

Nilingoja alie. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mi nilijua atapiga yowe mpaka mji usikie. Hakupiga. Alifungua viganja vyake akavitazama, mbele na nyuma. Akatazama kucha. Akainama akatazama miguu. Halafu akaniambia pole pole, kana kwamba ananikumbusha kitu tulichosahau sote wawili:

"Ilikuwa mu mikono, mama. Ilikuwa mu miguu. Na weye ulininawisha."

Angenitukana, ningejibu. Mi najua kujibu. Lakini hakunilaumu hata kidogo, na aibu iliyonipanda sijawahi kuionja nyingine kama hiyo, hata siku niliyomzika mume wangu kwa nguo ya kuazima. Nilimwona vile ninavyokuambia: mama anarudi Sandoa mikono mitupu, analala tena kwenye mkeka, mpaka afe. Na aliyemfanyia hivyo ni mimi, na bidoni yangu, na usafi wangu.

"Yo mama!" Tata Kalenga alikuwa ameshika bomba, anacheka kwa nguvu ili hali ile ipite. "Mama shofere, leo mulango umepakwa nini? Kuja tukuoshe!"

Nikaugeukia ule mlango. Ule udongo. Sikuhitaji mtu wa kunieleza.

Nilitembea nikasimama mbele ya mlango, mgongo wangu kwake, mikono kiunoni. Nilikuwa nimevaa blauzi yangu nyeupe ya kazi za harusi.

"Hapana," nikasema.

"Hapana nini?"

"Hauoshi ii motokari."

Walinzi wengine wakatoka kwenye kibanda kuja kucheka. Hata mi ningecheka! Yule mwanamke anayepangusa vumbi kwenye ventili za magurudumu, leo anakataa kuoshewa. "Iko na homa?" mmoja akauliza. Tata Kalenga akajaribu kwa upole. "Mama, ni sheria. Chef iko naangalia."

"Aangalie vizuri. Sheria yenu iko nasema mufuko na kitunga. Hii iko ku mulango, na mulango ni yangu."

"Toka pale, mama."

"Uoshe mi kwanza. Ukimaliza mi, utaosha mulango."

Kule dirishani mkubwa akagonga kioo kwa kidole. Kalenga akafumba midomo. Ana watoto, nilikwambia. Akafungua bomba.

Bomba lile limetengenezwa kuangusha tope la makamyo. Maji yalinipiga kifuani, pumzi ikatoka yote. Kitambaa cha kichwa kikaruka. Yalinipiga tumboni, yalinipiga kwenye mapaja, na nyayo zikaanza kuteleza. Nilijua nikianguka tu, udongo wa mama yule umekwenda. Nilikuwa naanguka. Kweli kabisa, nilikuwa nimeshaanza.

Ndipo nikausikia mkono mgongoni.

Usiniambie ni kitasa. Mlango huo nimeuegemea miaka, naujua. Huu ulikuwa mkono, mpana, baridi, umekaa katikati ya mabega yangu na vidole vyake vyote vitano, na ulinishikilia. Ulinirudisha wima kama vile unavyomsimamisha mama mzee kwenye utelezi. Na mi, badala ya kuzimia kama mtu mwenye akili, nilipandwa na nguvu sijui ya wapi. Nikafungua mdomo ndani ya yale maji na kupiga kelele: "Ongeza, tata! Ni haya tu? Ongeza!"

Hakuongeza. Nilipoweza kufungua macho, Tata Kalenga alikuwa haniangalii mimi. Alikuwa anaangalia juu ya bega langu la kushoto, mahali palipo na kioo cha dirisha na hewa tu. Rangi ilikuwa imemtoka. Bomba likamponyoka, likaanza kujirusha huku na huku likiwalowesha wale waliokuwa wanacheka, na hakuna aliyeliokota. Alienda mwenyewe, akainua bariyeri kwa mikono yake. Tulipopita akavua kofia yake ngumu. Hakunivulia mimi. Aliuvulia mlango wa nyuma.

Hajawahi kuniambia aliona nini, na mi sijamuuliza.

Njiani nikamweleza Mama Mujinga kila kitu, meno yananigongana kwa baridi. Nilipomaliza akauliza neno moja: "Mukono gani?"

"Ya kushoto."

Akacheka. Kicheko kifupi cha mama anayekumbuka utundu, na hapo hapo kikageuka kilio, kile nilichokingoja tangu bariyerini. "Alikuwa anakulaka na mukono ya kushoto," akasema. "Nilimupiga sababu ya ule mukono, mama. Nilimupiga sana." Tukalia wote wawili, na mi naendesha hivyo hivyo katikati ya madimbwi, tope linaruka mpaka kwenye kioo cha mbele, na sikujali.

Nyumbani niliiegesha ndani ya lupango, uani kwangu, mbele ya jiko. Mama Mujinga akatoa kile kitambaa cheupe na kuanza kuufuta mlango. Kitambaa kikajaa. Nikaleta beseni. Akafuta kwa viganja, udongo ukashuka ndani ya beseni, akafuta tena, ukashuka mwingine. Bati la mlango ni jembamba, unalijua. Tope lililokaa pale lingejaza labda sahani mbili. Beseni lilijaa, ndugu yangu. Lilijaa mpaka ukingoni, na bado ulikuwa unakuja.

Mwisho kikabaki kile kiganja tu, hicho unachokiona. Mama Mujinga akaweka mkono wake juu yake, kidole juu ya kidole. "Inatosha, baba," akamwambia. "Twende nyumbani." Udongo ukaacha kuja.

Nilijaribu kuliinua lile beseni peke yangu nikashindwa, na mi nabeba gunia la makaa kichwani bila kusaidiwa. Tulilibeba watu wawili, tukaumimina udongo ndani ya sanduku la mbao la marehemu mume wangu. Asubuhi nilimtafutia mama nafasi kwenye kamyo inayokwenda Sandoa. Kwenye bariyeri za njiani walifungua sanduku, wakaona udongo, wakafunga. Usiniulize kwa nini. Mama Mujinga aliniletea habari kwa mdomo wa dereva wa kamyo ile: Kapend amezikwa, kilio kimekwisha, naye analala kitandani.

Sasa mambo yaliyobaki ni yangu. Kijana wa kuosha magari aliwahi kuusugua mkono huu bila ruhusa yangu. Ulitoka. Mvua ya kwanza ikaurudisha, na siku hizi sehemu nyingine yote ya mlango haishiki tope hata nipite wapi. Blauzi nayo ina mkono mgongoni, nimeitundika ukutani kwangu. Mchungaji alikuja na mafuta na waimbaji sita, akasema niiuze motokari. Nikampa chai, nikamwambia aniuzie kanisa lake kwanza. Maharusi wengine walinikimbia. Waende! Wapo wanaokuja, na mabibi arusi wengine, wale waliopoteza kaka au baba shimoni, wanaingia kwa mlango huu huu na kuugusa kwanza.

Hata wale wa kampuni walinitumia mtu wao, kijana mwenye koti, aje kunieleza kwamba udongo ulio mlangoni kwangu ni mali yao. Nilimkaribisha vizuri. Nikamwambia, "Ndiyo hii, tata. Weka mukono yako juu yake, ukamate." Aliutazama muda mrefu. Akasema atarudi na barua. Mi bado nipo, nangoja barua.

Kwa hiyo sikia ninachokuambia, wewe unayependa gari lako ling'ae. Ufundi wangu nimekupa: sabuni kavu, mipira ya nyuma, kaa mbali na kamyo. Utumie. Mi mwenyewe bado nautumia kila asubuhi. Lakini barabara za kwetu zinapita juu ya watu. Tope lililokurukia, hujui limetoka kwa nani, na ukisimama mahali kuliosha, uliza kwanza kama kuna anayelihitaji. Na ukimwona mama amekuja na miguu myekundu, ole wako umguse na bidoni. Mi nilimgusa. Mkono ulinishika nisianguke, ndiyo, lakini usiku wa mvua bado nayaona yale maji yanavyokwenda kwenye majani, na yule mama anavyoyatazama, na mi najisifu moyoni kwa jinsi anavyotakata.

Haya, nimemaliza. Umesema unakwenda wapi? Panda tu, mvua inarudi.

Hapana, hapana. Usikung'ute viatu. Ingia hivyo hivyo.